Lugha Ipi ya Kigeni Wajifunze Watoto Wetu?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Daraja Mbili, Arusha)



Tumepewa heshima kubwa jioni hii kusema maneno machache juu ya jambo lililoletwa mbele ya Chama na wazazi wa mtaa huu. Wazazi hao, ambao wengi wao ni wanachama walioketi humu, wanauliza hivi: ikiwa shule ya watoto wetu yaweza kuongeza lugha moja ya kigeni zaidi ya Kiingereza, iwe lugha ipi? Wako wasemao Kichina, wako wasemao Kiarabu, wako wasemao Kifaransa. Na wako wasemao ya kwamba tuwaache watoto, kwani mzigo walio nao wawatosha. Sisi tunaosema hapa si mabingwa wa elimu. Sisi ni makarani, na kazi yetu ni karatasi. Walakini karatasi nazo hufundisha, na yale ziliyotufundisha ndiyo tunayotaka kuyaweka mbele yenu, ili mkutano ujao mpige kura mkiwa mmekwisha kuyapima.

Kwanza hatuna budi kuungama kosa letu. Zamani kidogo, katika ofisi ambayo hatutaitaja, alikuja dirishani petu mama mmoja aliyetoka Congo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, amemshika mkono mtoto wa kiume. Kiswahili chake kilikuwa chepesi, chenye lafudhi ya kwao, nasi tulisikilizana naye vizuri kabisa. Alitaka mtoto aandikiwe barua ya kuingia shule. Mkononi alikuwa na karatasi mbili zenye mihuri, zote za Kifaransa. Tukazigeuza juu na chini. Katika mojawapo tuliona neno lililofanana na Desemba, tukadhani ni tarehe; na kwa kuwa tarehe ile haikupatana na maneno ya mama, tukamwonea shaka. Tukamwambia, "Mama, rudi kesho." Kesho yake tukamwambia vivyo hivyo. Siku ya tatu akatokea kijana mmoja mwongoza watalii, aliyekuja kwa shughuli zake, akazisoma zile karatasi kwa muda usiozidi wa kukunja barua. Ya kwanza ilikuwa cheti cha kuzaliwa mtoto. Ya pili, ile tuliyoionea shaka, ilikuwa cheti cha kifo cha baba yake. Lile neno halikuwa Desemba. Lilikuwa ni kifo.

Ndugu zetu, mama yule hakutukana wala hakulalamika. Alisema tu, "Ahsante, baba," akachukua barua yake akaenda. Lakini sisi hatukulala vema usiku ule. Tangu siku hiyo tumekuwa tukilifikiri swali hili la lugha, si kama watu wanaotafuta cheo au ufahari, bali kama watu waliomsimamisha mjane dirishani siku tatu kwa sababu ya ujinga wao.

Basi jibu letu tunalitoa mapema, ili asiwepo atakayesema tumemzungusha. Twaona ya kwamba lugha hiyo iwe Kifaransa, lakini kwa masharti ambayo tutayataja mwisho. Na sababu yetu ni moja: mtoto ajifunze kwanza lugha ya karatasi za jirani yake.

Wengine watatuuliza mara moja, "Je, jirani zetu hawajui Kiswahili?" Swali hilo ni la haki. Ni kweli ya kwamba Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Congo, na upande wa mashariki wa nchi ile, kuanzia Bukavu mpaka Lubumbashi, watu wanakisema sokoni na nyumbani. Bujumbura nako mfanyabiashara wa kwetu hapotei. Lakini angalieni jambo hili: midomo yao ni ya Kiswahili, karatasi zao ni za Kifaransa. Mkongo atakusalimu kwa Kiswahili, atapatana nawe bei kwa Kiswahili, atakuomba radhi kwa Kiswahili. Ila sheria ya nchi yake, hati ya nyumba yake, cheti cha ndoa yake na karatasi ya forodha ya mzigo wake zimeandikwa kwa Kifaransa. Mizigo mingi ya Congo na Burundi hupita bandari yetu ya Dar es Salaam, na kila mzigo una karatasi zake. Mtu asiyeweza kuzisoma hutegemea mkalimani, na mkalimani asiye mwaminifu aweza kula faida yote.

Tena watu wa mji huu wa Arusha yatupasa kulijua jambo hili kuliko watu wa mahali pengine. Hapa ndipo ulipotiwa sahihi, tarehe 4 Agosti 1993, mkataba uliokusudiwa kuleta amani katika Rwanda, nao ulivunjika mwaka uliofuata kwa damu nyingi. Mwezi wa Novemba 1994 Umoja wa Mataifa ukaunda Mahakama ya kuwahukumu wakuu wa mauaji yale, nayo ikakaa papa hapa mjini kwetu. Tarehe 2 Septemba 1998 Mahakama hiyo ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Taba, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya mataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari baada ya kesi. Mle ndani mashahidi walisema kwa Kinyarwanda, na maneno yao yakapelekwa masikioni mwa mahakimu kwa Kifaransa na Kiingereza. Tarehe 28 Agosti 2000 mkataba wa amani ya Burundi nao ukatiwa sahihi hapa hapa, baada ya usuluhishi ulioanzwa na Mwalimu Nyerere, na kuendelezwa na Bwana Nelson Mandela baada ya Mwalimu kufariki mwaka 1999. Hivyo kwa miaka mingi mambo ya uhai na mauti ya jirani zetu yalisemwa mjini kwetu, na sisi wenyeji, wengi wetu, tulikuwa nje ya lango, tukisikia milio ya magari tu.

Mahakama ile ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ipo, na makao yake makuu yamo humu Arusha. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, na Congo ikaingia mwaka 2022. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubali Kiswahili na Kifaransa ziwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ina makao yake papa hapa. Nyumba hizi zataka makarani, waandishi, wafasiri, walinzi na madereva. Je, watoka wapi? Ikiwa mtoto wa Daraja Mbili hana lugha ya kuingilia, hatapata kazi mle ila ya kufagia ua. Na kazi ya kufagia ni ya heshima, lakini isiwe ndiyo ya pekee.

Wako kati yenu ambao watasema, "Kichina ndicho chenye fedha." Hatuwadharau. Wachina walijenga pamoja nasi reli ya Tazara, iliyoanzwa mwaka 1970 na kukamilika mwaka 1975, na wengine wao walizikwa katika nchi yetu. Hata leo makampuni yao yanajenga barabara nyingi. Kijana atakayetaka kufanya kazi nao na ajifunze Kichina, na Mungu ambariki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Dodoma vyote vinakifundisha. Kiarabu nacho ni lugha ya elimu kubwa, na Mwislamu hakihesabu kuwa kigeni, kwani huanza kukisoma chuoni akiwa mtoto mdogo. Kama tungalikuwa Unguja au Tanga, huenda tungalisema Kiarabu kitangulie. Hatusemi lugha hii ni bora na ile ni duni. Twasema tu ya kwamba kila mji utazame njia zake zinakwenda wapi.

Tena tujihadhari na kuchagua lugha kwa sababu ya mgeni mwenye nguvu za wakati huu. Boma la Wajerumani lililojengwa hapa Arusha mwaka 1900 bado limesimama, nalo leo ni jumba la makumbusho. Wakati ule aliyejua Kijerumani kidogo alionekana mtu mkubwa. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yakaingia mjini, na elimu ya mtu yule ikawa kama noti iliyofutwa: imeandikwa vizuri, lakini hainunui kitu. Makarani waliokuwa wamezoea mabwana wa kwanza ikawalazimu kuanza tena kujifunza kwa mabwana wa pili. Kilichobaki mikononi mwao ni Kiswahili, ambacho Wajerumani walikitumia katika utawala na Waingereza wakaendelea nacho. Na ndugu zetu hao, wakiongozwa na Bwana Martin Kayamba, ndio walioanzisha kule Tanga, mwaka 1922, chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa Serikali katika nchi hii. Tukumbuke basi: mgeni huja na kuondoka, jirani hukaa. Congo haitahama kutoka ng'ambo ya ziwa.

Jambo hili si letu peke yetu. Siku chache zilizopita mwalimu mmoja kutoka Marekani, mgeni wa mwanachama mwenzetu, alipata kusikia habari ya mjadala huu, akacheka akasema ya kwamba kwao nako wazazi wanashindana vile vile. Akatuuliza, "Nanyi mngetushauri watoto wetu wajifunze lugha gani?" Tukatazama habari za nchi yake. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, miongoni mwa lugha za kigeni zinazosemwa sasa, Kijerumani ndicho kilichosomwa na wanafunzi wengi katika shule za sekondari za Marekani. Nchi ile ilipoingia vitani mwaka 1917, watu wakakichukia, na shule nyingi zikakiondoa. Mwaka 1919 jimbo la Nebraska likatunga sheria ya kukataza watoto wadogo wasifundishwe lugha ya kigeni, na mwalimu mmoja, Robert Meyer, akatozwa faini kwa kosa la kumfundisha mtoto kusoma Kijerumani. Mwaka 1923 Mahakama ya juu kabisa ya nchi ile ikaitangua hukumu hiyo; lakini mti uliokwisha kukatwa haukusimama tena kama zamani. Angalieni, ndugu zetu: vita ile ile iliyokiondoa Kijerumani Arusha ilikiondoa na huko Nebraska.

Kisha, mwezi wa Oktoba 1957, Warusi wakarusha chombo chao mbinguni, Sputnik, na Wamarekani wakashtuka. Mwaka 1958 wakatunga sheria ya kutoa fedha za elimu ya sayansi na lugha za kigeni, na kwa msaada wa fedha hizo lugha za Afrika, Kiswahili kimojawapo, zikapata nafasi katika vyuo vikuu vyao. Mwaka 1961 vijana wao wa kwanza wa Peace Corps wakaja Tanganyika kupima barabara, wakapitia hapa jirani, Tengeru, wakijifunza Kiswahili. Hayo ni mema. Lakini tazameni ni lugha ipi inayosomwa na watoto wengi kule kuliko zote: si Kirusi cha adui, wala Kichina cha mfanyabiashara, bali ni Kihispania, lugha ya jirani yao Mexico, na ya mamilioni ya raia wao wenyewe. Basi tulimjibu yule mwalimu ya kwamba watoto wao wajifunze Kihispania kwanza, kwa sababu ile ile tunayoitoa hapa. Na yule atakayekuwa na hamu zaidi na aje kwetu, tutamfundisha Kiswahili kwa furaha.

Sasa tunafika kwenye neno zito, na hili alituambia mwanachama mmoja usoni petu bila kuficha. Alisema, "Ninyi mnataja Kifaransa, na kuna mtoto mtaani kwetu yuko darasa la nne hawezi kusoma ukurasa mmoja wa Kiswahili. Mnataka kumfanya awe bubu wa lugha tatu?" Hatukuwa na la kumjibu upesi, maana amesema kweli. Tena iko kweli nyingine tunayoijua sote tuliopita sekondari. Kiingereza tunakiita lugha ya kufundishia, lakini kwa mtoto wa kwetu ni lugha ya kigeni kama Kifaransa. Mtoto husoma shule ya msingi ya Serikali kwa Kiswahili, kisha siku moja ya Januari huingia kidato cha kwanza, na tangu wiki hiyo historia ni ya Kiingereza, elimu ya viumbe ni ya Kiingereza, na hesabu ni za Kiingereza. Mwalimu mwenye huruma hueleza kwa Kiswahili, lakini mtihani hauna huruma. Sisi wenyewe tulisoma kwa wamisionari, na tuliadhibiwa kwa kusema Kiswahili uwanjani. Tulijua kukariri kabla ya kujua maana. Wako wenzetu waliokuwa na akili kutuzidi, ambao walibaki nyuma kwa sababu hiyo peke yake.

Hata hivyo hatuwezi kusema lugha za kigeni hazina maana. Wazee wa Meru waliomo humu wanakumbuka habari ya Engare Nanyuki, ambako watu wao waliondolewa katika ardhi yao mwaka 1951, na nyumba zao zikachomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri mpaka New York kupeleka malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa, pamoja na mwanasheria Earle Seaton. Ardhi haikurudishwa kwa safari ile, na tusidanganyane juu ya hilo. Lakini dunia ilisikia jina la Meru, na isingalisikia kama malalamiko yale yasingalivikwa maneno ambayo Baraza lile lilizoea kuyasoma. Baraza lile halikusoma Kimeru. Aliye na haki, na hana lugha ya kuiandika, haki yake hukaa nyumbani.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, masharti yetu ni haya.

Kwanza, Kiswahili kitangulie. Asiingizwe katika darasa la Kifaransa mtoto asiyeweza kusoma na kuandika Kiswahili sawasawa. Msingi usiokauka haujengewi ukuta.

Pili, Kiingereza kifundishwe kama lugha, na mwalimu akijuaye: kusema, kusikia, kusoma na kuandika; si kukariri majina ya sarufi tu. Fedha yoyote tutakayochanga isipunguze kitu cha Kiingereza.

Tatu, lugha ya kigeni ya ziada iwe moja tu. Mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024 imezitaja Kifaransa, Kiarabu na Kichina kuwa lugha za hiari katika shule ya msingi. Neno hiari maana yake si lazima, wala si zote. Mshika mbili moja humponyoka. Sembuse mshika tatu.

Nne, mwalimu apatikane kabla ya kitabu na kabla ya ubao wa tangazo. Mjini mwetu wako Wakongo na Warundi waliosoma kwa Kifaransa tangu utoto, na baadhi yao wanauza vitenge sokoni. Mwalimu Mkuu na Afisa Elimu waulizwe njia ya halali ya kuwatumia walio na sifa. Ikiwa hapatapatikana mwalimu wa kweli, sisi wenyewe tutapiga kura ya kuipinga hoja yetu, kwani somo lisilo na mwalimu ni wizi wa wakati wa mtoto.

Tano, tusiwatwike watoto mzigo ambao sisi wazee tunaukwepa. Tunaomba Chama kifungue darasa la jioni kwa makarani, mara mbili kwa wiki. Hatuhitaji kusoma vitabu vya washairi wa Ufaransa. Yatutosha, kwa mwaka wa kwanza, tuweze kusoma cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, cheti cha shule, karatasi ya forodha, na cheti cha kifo. Sisi tunaosema hapa tutakuwa wa kwanza kuandikisha jina.

Mtaa wetu unaitwa Daraja Mbili, nasi tunaona ya kwamba mtoto wetu ana madaraja mawili mbele yake tayari, Kiswahili na Kiingereza, na la pili limeoza mbao. Tulitengeneze hilo kwanza. Kisha, kwa yule aliyekwisha kuvuka salama, tumwonyeshe njia ya kwa jirani.

Mkituuliza tutajuaje ya kwamba kazi hii imefaa, hatutatazama vyeti vya mtihani peke yake. Tutatazama siku atakapokuja mama mwingine dirishani, na karatasi zake mbili mkononi, na karani kijana, aliyezaliwa na kusomeshwa mtaa huu, atazisoma mara moja, atasimama kitini, na kabla ya kuuliza jambo lingine lolote atamwambia, "Pole, mama, kwa msiba."